Mbuzi Waliofika Kabla Yake

Nzisa aliingia kwenye ofisi ndogo ya nyuma ya kanisa akiwa amekwisha kujipanga. Maneno yake alikuwa ameyasema na kuyarudia kutwa huko Kanyangi, wakivuna ndengu, mpaka shangazi yake akamwomba anyamaze kidogo watu wapumzike. Nywele alisuka jana. Viatu alivipangusa hapo nje kwa ncha ya leso. Gunia lake dogo la ndengu aliliacha nje, chini ya dirisha, kwa sababu alikuwa ametoka safari moja kwa moja na nyumbani hakuwa amefika bado. Simu yake nayo ilikuwa imekufa chaji tangu juzi.

Ndani walikuwapo watu watatu. Mzee Kyule, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amejifungia vifungo vyote vya koti, maana baridi ya Nunguni haina huruma. Mama Katunge wa chama cha kina mama aliketi kulia kwake. Kushoto alikaa pasta, ambaye asubuhi hiyo alikuwa mtu wa kunyamaza.

"Karibu Nzisa," alisema Mzee Kyule. "Tunakujua, kwa hivyo hatutazunguka. Umeitwa chuo kusomea kupima ardhi. Kanisa limebaki na nafasi moja ya kusomesha. Tueleze kwa nini hiyo nafasi ni yako na si ya mwingine."

"Asante mzee. Asanteni wote. Mimi nimekaa nyumbani miaka miwili tangu nimalize shule, na si kwa sababu nilifeli. Nilipita vizuri. Ni kwamba..."

"Ngoja kwanza, mwanangu," Mama Katunge aliinua kidole. "Kabla hujafika mbali. Jana tulikuja kwenu."

Nzisa aliitikia kwa kichwa. Hilo alilitarajia. Kamati ilikuwa na kawaida ya kumtembelea kila anayeomba, waone hali kwa macho yao, wasije wakadanganywa na mtu mwenye ng'ombe wa maziwa.

"Baba yako alitukaribisha vizuri. Chai tumekunywa. Na mbuzi tumeziona."

"Mbuzi gani, mama?"

"Majike mawili na beberu. Huyo beberu amefungwa pale karibu na jikoni, amenona kweli. Tukauliza. Baba yako akatuambia ni za ntheo, na kesho Jumamosi beberu anachinjwa."

Jamani, kuna maneno ambayo Mkamba hahitaji kuelezwa mara mbili. Mbuzi wa ntheo wakiingia kwenu na yule beberu akaliwa, wewe ni mke wa mtu. Mahari iliyobaki yaweza kufuata polepole hata miaka kumi, lakini jina lako limeshahamia boma jingine. Nzisa alilijua hilo tangu utotoni. Kitu ambacho hakukijua ni kwamba kwao kulikuwa na mbuzi.

"Ntheo ya nani?" aliuliza.

Mama Katunge alimtazama mwenyekiti, kisha akamrudia yeye. "Si yako? Kwani kwenu kuna msichana mwingine?"

"Nani ameleta?"

"Watu wa kina Mbithi, yule wa kuchomelea vyuma hapo sokoni. Nzisa, usituambie hukujua."

Masikio yake yalipata moto. Yale maneno yote aliyokuja nayo kutoka Kanyangi yalimtoka, hata la kwanza hakulikumbuka. Mbithi. Mbithi wake, aliyempenda miaka miwili sasa, aliyemwapia kwamba atangoja.

"Sasa mwanangu elewa," Mama Katunge aliendelea, na sauti yake haikuwa mbaya, jambo lililomchoma Nzisa zaidi. "Nafasi hii tuliitenga ya wasichana. Tukisomesha bibi ya mtu, washirika watatuuliza mumewe ameshindwa nini."

"Tuko hapa mpaka saa kumi," Mzee Kyule alisema. "Nenda nyumbani. Kama hizo mbuzi ni zako, Mungu awabariki, tutampa mwingine. Kama si zako, rudi utuambie."

Msichana mwingine angelia. Nzisa aliaga kwa heshima, akafunga mlango taratibu, akaliacha gunia palepale lilipokuwa, na akashuka kuelekea sokoni akitembea haraka hata leso ikamdondoka bila yeye kujua.

Ilikuwa siku ya soko na kabichi zilikuwa zimemwagwa mpaka barabarani. Mwuzaji mmoja alimpungia mkono. "Nzisa, tumesikia. Kesho tukuje na sahani zetu?" Mwingine akacheka kwa furaha ya kweli. Kumbe soko zima lilijua. Wauza vitunguu walijua. Yeye tu, mwenye kuolewa, ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata habari.

Mbithi alikuwa amepiga magoti mbele ya karakana yake, anachomelea geti, miwani myeusi usoni. Alipoona viatu vya Nzisa alizima mashine na tabasamu likamtanda uso mzima. Tabasamu hilo liliwahi kumfanya Nzisa asahau chumvi aliyotumwa na mama yake. Leo lilimkera.

"Umerudi," alisema. "Mbona hukunipigia nikuje kukupokea?"

"Vua hiyo miwani."

"Nini?"

"Vua miwani uniangalie machoni, Mbithi. Sitaki kugombana na vioo."

Aliivua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kazi, na pande zote uso umejaa masizi isipokuwa pale miwani ilipokuwa imekaa. Nzisa aliyapenda macho yale. Alilitazama geti ili asilegee.

"Nimetoka kwa kamati," alisema. "Wameniuliza kwa nini ninastahili kusomeshwa. Unajua nimejibu nini? Sijajibu. Nimeambiwa mimi ni bibi ya mtu. Na aliyeniambia ni Mama Katunge. Ndoa yangu mwenyewe, Mbithi, nimetangaziwa na Mama Katunge."

Tabasamu liliondoka. "Nilitaka ukirudi ukute kitu kizuri."

"Kizuri cha nani?"

"Chetu. Si tulikubaliana tutaoana?"

"Tulikubaliana baada ya chuo. Ulisema wewe, kwa mdomo wako, siku ile tunapima matuta ya Mama Katunge. Umeshika kamba upande mmoja, mimi nimeshika upande mwingine, na kikundi kizima cha kazi cha mwethya wanatucheka. Ulisema utangoja."

"Kungoja si lazima mtu angoje mikono mitupu."

"Kwa hivyo ukaamua kushika nini? Mimi?"

Mbithi aliweka miwani juu ya benchi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akibanwa hupungukiwa hata na hayo machache. "Jumapili iliyopita ukiwa kwa shangazi," alisema, "yule jamaa wa stesheni ya utafiti ya Kiboko alikuja kanisani tena. Akakuuliza kwa jina. Amevaa ile kadi ya kazi shingoni mpaka kwa maombi. Nikaona hapa kwetu tu anakuja mmoja. Huko chuoni watakuwa mia. Nikamwambia mjomba, na mjomba akasema twende tukafunge jambo mapema."

"Mkafunga."

"Tulifunga mbuzi, Nzisa. Si wewe."

"Mbuzi wanakula majani pale kwetu na wanashiba. Aliyefungiwa mlango leo ni nani? Hebu niambie. Nani ameambiwa arudi nyumbani?"

Mwenye duka la mbegu lililo jirani alijifanya anafagia mlangoni, na alifagia mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Nitakusomesha mimi," Mbithi alisema hatimaye. "Nikiuza hii mashine..."

"Usiniambie hivyo." Nzisa alimkatiza. "Usinikosee halafu ujifanye ndiye mkombozi. Mimi nilitaka kuingia chuo kwa jina langu. Ulinitengenezea ile fremu ya chuma ya kupimia matuta, ukanipa mbele ya watu, ukasema hii ni ya fundi mwenzangu. Nililala nikifurahi siku hiyo. Nilisema huyu mtu ananijua. Kumbe ulikuwa unaona tu msichana wa kuwahiwa."

Mbithi aliinamisha kichwa. Nzisa alitamani kumgusa. Alikunja mikono kifuani ili isimponyoke.

"Funga karakana," alisema. "Twende kwetu uchukue mbuzi zako."

"Leo? Siku ya soko?" Alitazama ng'ambo, watu walivyojaa. "Nzisa, nikipita hapa na mbuzi za ntheo zinarudi, watu watasema nimekataliwa."

"Kwani hujakataliwa?"

Ilimwingia. Alibaki amesimama na ufunguo mkononi, hautii kwenye kufuli wala haurudishi mfukoni. "Unaniacha?"

"Mbuzi nimezikataa. Wewe bado sijaamua, na usinikimbize."

Mbithi alifunga mlango wa karakana.

Mzee Munyao, babake Nzisa, walimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na jikoni, anamkuna beberu mgongoni. Tangu mbuzi wale wafike alikuwa hatoki hapo. Mtu aliyezoea kuulizwa lini atalipa hiki na kile, leo wapita njia walikuwa wanasimama kumsifu. Hebu mwelewe kidogo kabla ya kumlaumu.

"Baba," Nzisa alisema hata kabla ya salamu, na hilo peke yake lilimfanya mzee ainue macho. "Umepokea mbuzi zangu mimi sipo."

"Ulitakiwa uwe wapi? Mbuzi hupokewa na mwenye boma. Wewe utaulizwa kesho, kabla ya kisu, kama tulivyofanya siku zote."

"Kesho, mbele ya watu. Sufuria ziko motoni, shangazi wameshonesha nguo, pasta ameketi. Hapo ndipo ungeniuliza kama ninakubali. Ningejibu nini, baba?"

Munyao aliacha kukuna. "Mimi nilitaka uheshimiwe," alisema. "Hiyo skolashipu unaiomba kwa watu. Wanaweza kukupa, wanaweza kukunyima. Lakini hizi mbuzi zimekuja kwa miguu yao mpaka hapa. Kuna baba anayefukuza kitu kama hicho?"

"Walikuja jana kamati. Uliwaonyesha."

"Niliwaonyesha, ndiyo. Niliona watajua huyu msichana si wa kutupwa."

Nzisa alifumba macho kidogo. Mzee wa watu alikuwa amejigamba tu. Alitaka mwanawe aonekane mtu wa maana, na kwa kufanya hivyo akamwondolea nafasi yake. Hasira ile ikakosa pa kukaa.

"Zinarudi leo, baba."

"Mimi sirudishi. Nikirudisha, nimeutukana ukoo mzima. Aibu hiyo sibebi uzeeni."

"Hutabeba, mzee." Mbithi alikuwa amesimama nyuma muda huo wote, kofia mkononi. Alisogea mbele. "Nimekuja kuzichukua mwenyewe. Nilizileta bila kumuuliza Nzisa, na nilikosea. Mjomba nitamweleza mimi."

Munyao alimgeukia. "Kijana, unajua utapita wapi?"

"Sokoni. Njia ni hiyo moja."

"Na wewe umekubali aibu hiyo?"

"Nimekubali."

Mzee alisimama kwa taabu, akafungua kamba ya beberu mwenyewe, akamkabidhi. "Beberu mzuri hivi," alinung'unika, na akaingia ndani bila kuangalia nyuma.

Sasa isije ikadhaniwa kwamba Nzisa alilainika hapo. Hakulainika. Walipokuwa wanapanda kurudi sokoni hakumsemesha hata neno. Lakini alitembea sambamba naye, si mbele wala si nyuma, na kila aliyewaona alilitambua hilo. Majike yalikwenda vizuri. Beberu alikuwa mkaidi, anavuta kila penye kabichi, na Mbithi akawa anavutwa naye mbele ya watu wote waliomjua tangu mtoto.

Soko likaanza kunong'ona. Yule mwuzaji wa asubuhi ndiye aliyekosa subira. "Mbithi, mbona mbuzi zinarudi? Wamesema haziwatoshi?"

Kicheko kilipita. Shingo ya Mbithi ilivimba mishipa. Nzisa alidhani atamtupia kamba na kukimbia, na moyoni alijiambia kwamba akikimbia, basi, yamekwisha.

"Zilienda bila ruhusa," Mbithi alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza vitunguu. "Mimi ndiye niliyezituma. Msichana hana kosa."

Kicheko kikafa chenyewe. Nzisa aliendelea kutembea, macho mbele.

Kanisani alimwacha nje akishika kamba zake tatu. Hakubisha hodi mara mbili. Wanakamati walikuwa wanakunywa chai. Mzee Kyule alichungulia dirishani, akaona mbuzi, akaweka kikombe chini.

"Naona zimerudi," alisema. "Basi mambo yamekuwa rahisi. Keti, mwanangu."

"Nitasimama, mzee, kama utaniruhusu. Na mambo si rahisi." Alivuta pumzi. "Hizo mbuzi sijazirudisha kwa ajili ya kamati. Nimezirudisha kwa sababu sikuulizwa. Hata mkininyima, hazirudi kwetu leo. Kwa hivyo msinipe kwa sababu ya mbuzi, na msininyime kwa sababu ya mbuzi."

"Nzisa, pole pole," Mama Katunge alisema.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu, na leo nitasema. Mwaka jana mlimsomesha mtoto wa Nthiwa. Alikuwa na bibi na mtoto ananyonya. Hakuna aliyemuuliza habari za ntheo. Na yeye ndiye aliyepeleka mbuzi."

Pasta alianza kukoroga chai ambayo ilikuwa imekorogwa.

"Mliniuliza kwa nini ninastahili," Nzisa aliendelea, na sasa maneno yalimjia yenyewe, wala si yale ya Kanyangi. "Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia sisi hatuna kitu. Hilo mmeliona jana, sitalirudia. Ninastahili kwa sababu miaka miwili hii sikukaa bure. Mwethya wakitaka kuchimba matuta, wananiita mimi nivute kamba, hata mvua inanyesha. Shambani kwako, Mama Katunge, nilivuta nikiwa na homa, na wewe ulinifunika shuka lako. Kila msimu watu wa hapa wanachukiana kwa sababu ya mipaka, ndugu na ndugu hawasalimiani, na mpimaji wakimwita anakuja siku anayotaka. Mimi nataka kuwa huyo mpimaji, na nataka akiitwa aje. Nitaisoma hiyo kazi niimalize. Mkinipa nitashukuru mpaka kufa. Mkininyima nitatafuta pengine, lakini mniambie ni kwa sababu sifai. Msiniambie ni kwa sababu kuna mtu alinipenda akakosa adabu."

Mama Katunge ndiye aliyeuliza kwanza. "Na huyo kijana akileta tena?"

"Akileta, ataniuliza mimi kwanza. Nikikubali nitakubali, na masomo yangu nitayamaliza vilevile."

Mzee Kyule alimgeukia pasta. Pasta aliweka kijiko chini. "Ni kweli, mtoto wa Nthiwa tulimpa," alisema, na hilo ndilo neno lake pekee siku hiyo.

Mwenyekiti alijikuna kidevu. Alimtazama Mama Katunge, na Mama Katunge, baada ya kuangalia mikono yake kwa muda, akaitikia kwa kichwa.

"Jumapili ukuje mapema," alisema Mzee Kyule. "Jina likisomwa, usimame watu wakuone vizuri."

Nje, Mbithi alikuwa anapigana na beberu asiumalize ua wa kanisa. Alipouona uso wa Nzisa, akajua kabla hajaambiwa. Kamba zikamlegea mkononi.

"Wamekupa."

"Wamenipa."

Alicheka peke yake, akajipangusa macho kwa mkono wenye masizi, akajichafua zaidi. Halafu kicheko kikaisha, akasimama pale kama mtu anayengoja kuitwa jina. "Na mimi?"

Nzisa aliinama akachukua gunia lake chini ya dirisha. Mbithi alinyoosha mkono amsaidie, naye akalihamishia begani upande wa pili.

"Mimi leo nimesimama mbele ya watu mara mbili kueleza kwa nini ninastahili," alisema. "Wewe hakuna aliyekuuliza. Ulikuja tu na mbuzi."

"Niulize."

Alimtazama machoni, safari hii bila kukwepa, na hasira yake yote bado ilikuwa pale pamoja na mapenzi yake yote. "Kwa nini unanistahili, Mbithi?"

"Kwa sababu nakupenda."

"Baba pia anampenda huyo beberu. Na kesho alikuwa anamchinja."

Mbithi alimtazama beberu.

"Nenda ukajipange," Nzisa alisema. "Kozi ni miaka mitatu. Kila tukifunga chuo nitakuja kusikiliza."

Akashika njia ya kwao. Nyuma yake alimsikia akiongea na beberu kwa sauti ya chini, "Kwa sababu," akaacha, akasema tena, "Kwa sababu," akaacha tena. Nzisa hakugeuka. Alipunguza mwendo tu, apate kusikia.